Kine anasema hivi, muuguzi anasema vile: nimsikilize nani?

Swali: Mimi ni mama wa Kadutu, hapa Bukavu. Mtoto wangu wa tatu ana miaka miwili na nusu. Alipozaliwa hakulia upesi, na baadaye daktari aliandika IMC, yaani ulemavu wa mwili unaotokana na kuumia kwa ubongo. Hajaweza kukaa bila kushikwa, na ana kifafa. Mara mbili kwa juma nampeleka kwa kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, upande wa pili wa mji. Dawa za kifafa nazichukua mahali pengine. Kwenye kituo cha afya wananiambia uzito haupandi, nimpe uji mara tano kwa siku. Kine anasema mtoto ni mvivu, nimfanyishe mazoezi zaidi. Mama mkwe anasema haya si ya hospitali, na kwenye chumba cha maombi wanataka tufunge siku tatu pamoja na mtoto. Ninauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, lakini mtaji umeishia kwenye pikipiki. Mume wangu yuko machimboni Kamituga. Kila mmoja anasema lake, hakuna anayejua mwenzake amesema nini. Nimsikilize nani? Na ni kweli, kama wengine wanavyonishauri, nimwache kwa masista akae kule kule?

Jibu: Mama, nianze na hilo la kufunga, maana haliwezi kungoja. Mtoto huyu asifunge hata mlo mmoja. Uzito wake uko chini tayari, na mtoto mdogo asipokula, sukari ya damu hushuka upesi. Hiyo peke yake inaweza kumletea degedege. Dawa nayo isikatwe hata siku moja. Ikiwa anapewa fenobabitali, ile ambayo wengi mjini wanaiita Gadenali, kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, nalo huua. Wanaotaka kumwombea wamwombee akiwa amekula na dawa amemeza. Mchungaji asiyekubali hilo, usirudi kwake.

Sasa swali lenyewe. Unauliza umsikilize nani, nami nakuambia kila mmoja kati ya hao wa hospitali ameona kipande cha kweli. Shida iko katikati yao, mahali ambapo hakuna aliyesimama isipokuwa wewe, mtoto mgongoni na beseni kichwani.

Tazama mambo yalivyo. Fenobabitali hulevya watoto wengi, wanasinzia saa kadhaa baada ya kuimeza. Ukimpa asubuhi, ukapanda pikipiki, ukafika kwa kine saa tatu, mtoto amelegea na kichwa kinaanguka. Kine anaona mtoto mvivu kwa sababu hakuna aliyemwambia saa ya dawa. Kipimo cha dawa hiyo nacho huhesabiwa kwa kilo za mtoto. Kilo zimeandikwa kwenye karatasi ya CPS, kliniki ya watoto wadogo mnakopima kila mwezi, na anayekupa dawa haioni karatasi hiyo. Huenda bado anafuata kilo za mwaka jana. Halafu uji. Mara tano ni ushauri mzuri, lakini je, kuna aliyekuuliza unamlisha amekaa vipi? Watoto wengi wenye IMC hulishwa wamelala chali mapajani kwa sababu shingo haishiki. Uji mwepesi unapita njia ya hewa: anakohoa, anachoka, anakataa kijiko, na kifua kinamsumbua mara kwa mara. Hapo ukipika hata mara saba, kilo hazipandi. Na mtoto asiye na kilo hana nguvu za kufanya mazoezi, kwa hiyo kine anarudi kusema ni mvivu.

Watu watatu wamekupa kasoro tatu, kumbe zote zimeshikana. Wangeketi pamoja nusu saa tu, wangeliona hilo.

Usidhani haya yanatupata sisi kwa sababu ya umaskini pekee. Uingereza, ambako kine, daktari na mwalimu wote wanalipwa na serikali, wazazi wa watoto wadogo wenye ulemavu walikuwa na kilio hicho hicho: kila mlango unaanza kusimulia upya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali yao ikaleta mpango ulioitwa Early Support. Ndani yake kulikuwa na faili moja linaloshikwa na familia yenyewe, na mtu mmoja mwenye kazi ya kuwaunganisha wengine. Karibu nasi zaidi, ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda ilianza mwaka 2014 kule Rwinkwavu kliniki ya watoto waliozaliwa njiti au waliopata shida ya ubongo wakati wa kuzaliwa: siku ileile mtoto anapimwa kilo, anaangaliwa maendeleo yake, mama anafundishwa kulisha, na shida za nyumbani zinasikilizwa. Hakuna mashine ya ajabu pale. Kilichobadilika ni mpangilio wa watu.

Hapa Bukavu sijui ofisi itakayokufanyia hivyo, na sitakudanganya kwamba ipo. Lakini vipande vyote unavyo tayari. Kinachokosekana ni mratibu, na mratibu anaweza kupatikana bila kungoja mradi.

Nani basi? Mimi ningemchagua titulere, yaani muuguzi mkuu, wa kituo cha afya mnakofanyia CPS. Wengi watakuambia umchague kine kwa kuwa ndiye anayejua ulemavu. Sikubaliani nao, labda kine awe jirani yako. Kwa titulere unafika kwa miguu, bila pikipiki. Kilo ziko kwake. Kwa utaratibu wa afya wa Kongo kituo cha afya ndicho mlango wa kwanza, na yeye ndiye anayeandika karatasi ya kukutuma hospitali kuu ya rufaa. Tena ana mareko chini yake, wale wahudumu wa kujitolea wanaopita avenyu kwa avenyu wakati wa chanjo. Reko mmoja mwenye bidii anaweza kukupunguzia nusu ya mwendo.

Mwendee mchana, foleni ikishaisha. Usimweleze ugonjwa wote tangu mwanzo, atachoka kabla hujafika kwenye ombi. Mwambie: "Titulere, mtoto wangu anahudumiwa na watu watatu ambao hawajuani. Sikuombi pesa wala dawa ya bure. Naomba uwe unasoma daftari lake mara moja kwa mwezi siku ya CPS, uwapigie simu wale wawili wanapopingana, na unapomtuma mahali uandike kwa nini." Basi. Ukiomba jambo dogo na wazi, atakubali. Ukimwomba "anisaidie na huyu mtoto" atakuonea huruma, na huruma haina tarehe.

Akikataa, au akiwa ni mtu wa kuhamishwahamishwa, mlango wa pili ni kituo cha ukarabati wa walemavu. Bukavu tunacho Heri Kwetu, cha Jimbo Kuu Katoliki, chenye uzoefu wa miaka mingi na watoto wa namna hii. Uliza kama wana mhudumu wa jamii wa kufuatilia familia. Kwa upande wa kifafa kuna SOSAME, ya Mabruda wa Upendo. Watu wanadhani ni ya wagonjwa wa akili tu, lakini wagonjwa wa kifafa wanatibiwa pale pia, na hakuna aibu kuonekana getini.

Najua utajibu: mimi mama yake ndiye ninayejua yote, acha niratibu mwenyewe. Hivyo ndivyo unavyofanya sasa, na ndiko kunakokumaliza. Kuamua ni kwako wewe na baba yake. Hilo usimwachie yeyote. Kukimbia huku na huku kuuliza huyu alisema nini na yule anaomba karatasi gani, hiyo ni kazi ya mratibu.

Sasa daftari. Nunua la shule, kubwa kidogo, ulifunike kwa plastiki kwa ajili ya mvua. Ukurasa wa kwanza uandikwe mara moja na usomeke na mtu asiyewajua kabisa: jina, tarehe ya kuzaliwa, alizaliwa vipi, kilo za sasa na tarehe yake, dawa gani, miligramu ngapi, saa ngapi, mzio kama upo, degedege lake likoje na hukaa dakika ngapi, namba ya simu ya mama, ya baba na ya titulere. Chini yake, nakusihi, andika anachoweza na anachopenda. Kwamba anacheka akisikia sauti ya dada yake, anafuata taa kwa macho, anakataa ndizi. Mhudumu mgeni akianza na mistari hiyo, atamshika mtoto kwa namna nyingine.

Kurasa zinazofuata kila mhudumu aandike mwenyewe, tarehe na sentensi mbili tatu. Akisema hana muda, mwambie akusomee uandike wewe, kisha atie sahihi. Piga picha kila ukurasa mpya umtumie mume wako kwa WhatsApp. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, wahudumu wengi wamehama na miradi kadhaa imesimama. Mafaili ya watoto yamebaki kwenye makabati ambayo hakuna mwenye ufunguo. Daftari lililo nyumbani na picha zilizo Kamituga hazifungiwi na mtu.

Mratibu akishapatikana na daftari likawepo, ombeni kikao kimoja. Kumpata kine na muuguzi wa kifafa wapande hadi Kadutu ni vigumu, kwa hiyo simu yenye sauti kubwa juu ya meza ya titulere inatosha. Kikao hicho kitoke na ukurasa mmoja tu wenye malengo yasiyozidi matatu kwa miezi mitatu. Nasisitiza yasizidi matatu. Nimeona mipango ya ukurasa mzima yenye mambo kumi na tano kwa mama anayeamka saa kumi usiku kuwahi ziwani. Mipango ile haisaidii mtu, inamfanya mama ajione mkosefu tu.

Kwa mtoto wako, kwa haya uliyoandika, mimi ningeanza hivi: ale akiwa amekaa na asipaliwe; degedege lipungue bila kumlevya mchana; aweze kukaa kwenye kiti chenye kumshika huku wewe unafanya kazi. La kwanza litapandisha kilo. La pili linahitaji kilo hizo zimfikie mtoa dawa, na aulizwe kama dawa inaweza kuhamishiwa usiku. Mara nyingi fenobabitali hupewa mara moja kwa siku, kabla ya kulala. Usihamishe saa wala kipimo peke yako, uliza kwanza. La tatu ndilo kazi ya kine.

Na hapa nina neno kwa kine pia, kama atasoma. Kumnyoosha mtoto miguu kwa nguvu, analia, mara mbili kwa juma, kunamchosha kila mtu na kunaleta faida ndogo sana. Mtoto wa umri huu anajifunza kwa kurudia jambo lenye maana kwake, mara nyingi kwa siku, pale anapoishi. Kwa hiyo mwende kwake mara moja au mbili kwa mwezi. Kila safari akufundishe jambo moja, wewe ulifanye mbele yake, na safari inayofuata aangalie lilivyokwenda. Pesa ya pikipiki iliyobaki irudi kwenye mtaji. Mtaji wako ni sehemu ya matibabu yake. Ukiisha, hakuna uji wala dawa.

Hata tarehe zinaweza kupangwa kwa kazi yako. Unajua kuliko mimi kwamba wavuvi wa Kivu hutega usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti, sambaza inaadimika na soko linalala. Siku hizo ndizo za kwenda mbali: kine, dawa ya mwezi, hospitali. Mwambie titulere aziandike hivyo. Sioni kwa nini kalenda ya mtoto ifuate urahisi wa kila ofisi na isifuate ziwa linalowalisha.

Nyumbani, mazoezi yaingie ndani ya yale unayofanya tayari. Nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye faida kubwa.

Kulisha: mkalishe mapajani au kwenye pembe ya ukuta, mgongo wima, kiuno kimekunjwa, kichwa kimeinama mbele kidogo. Kidevu kikiwa juu, njia ya hewa imefunguka. Kijiko kitoke mbele, usawa wa mdomo, si kutoka juu. Uji uwe mzito wa kushika kijiko. Kijiko nusu, ngoja ameze, kingine. Na kwa kuwa tumbo lake linapokea kidogo, kidogo hicho kiwe na nguvu: kijiko cha mafuta ya mawese, karanga zilizotwangwa, na sambaza. Kausha zako ndogondogo zinazobaki, uzitwange ziwe unga laini kabisa, chuja, weka kwenye uji. Hakuna unga wa duka unaoshinda hizo kwa bei yake. Baada ya kula abaki wima nusu saa.

Kubeba: usimbebe amelala mikononi kama mtoto mchanga. Mgongoni kwa kitenge au kiunoni, miguu imepanuka huku na huku. Watoto ambao miguu yao inakaza na kupishana kama mkasi, kuipanua hivyo kunawalegeza na kunasaidia nyonga. Akijirusha nyuma na kukaza mwili wote, usishindane naye kwa kumsukuma kifua; mkunje kiuno na magoti kwanza, mwili utalegea.

Kuvaa na kuoga: mwite mkono wake. "Leta mkono wa kuume." Ngoja, hesabu hadi kumi. Hata mkono ukisogea sentimita moja, hilo ni zoezi bora kuliko kumvalisha kama mzigo.

Kiti: seremala wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa vipimo vya kine, lakini kuna njia ya rahisi zaidi. Nchini Zimbabwe mwalimu mmoja, Bevill Packer, alieneza ufundi wa kutengeneza viti vya watoto kwa katoni na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga. Tabaka juu ya tabaka, zikikauka juani zinakuwa ngumu kama mbao. Kiti cha namna hiyo kinafuata mwili wa mtoto, na kinaweza kuongezwa akikua. Maduka ya Kadutu hayakosi katoni. Vipimo tu visikosewe: magoti na kiuno vikunjwe vizuri, miguu ikanyage, na pawe na kijimeza mbele cha kuwekea mikono. Kine ndiye wa kuvitoa.

Kuna vipimo vitatu ambavyo sikuona katika barua yako, na mratibu avidai. Macho na masikio, kwa sababu watoto wengi wenye IMC wana shida ya kuona au kusikia pia, na mtoto asiyesikia naye huitwa mvivu. Akiwa alikuwa na manjano kali alipozaliwa, masikio yawe ya kwanza. Cha tatu ni picha ya nyonga, kwa kuwa mtoto asiyesimama nyonga zake zinaweza kutoka polepole bila mtu kuona, hadi siku atakapolia akivalishwa.

Mama mkwe sasa. Usimweke upande wa maadui, utamhitaji. Anachosema kinatoka kwenye hofu, na labda hakuna aliyewahi kumweleza kilichotokea siku ya kuzaliwa: mtoto alichelewa kupata hewa, sehemu ya ubongo ikaumia, na jeraha hilo halikui wala halimwambukizi mtu. Mwombe titulere amweleze yeye mwenyewe, kwa heshima ya umri wake, siku ya kikao. Mpe kazi yenye jina: yeye ndiye mlishaji wa saa nne. Mkwe aliyefundishwa kumlisha mtoto wima huanza kumtetea kwa majirani. Lakini siku yeyote atakapomwita mtoto mchawi, hapo pana mpaka. Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaliadhibu kosa hilo.

Wote nyumbani, hata dada yake mkubwa, wajue la kufanya degedege likija: mlaze ubavu, usitie kitu mdomoni, wala kijiko wala maji, tazama saa. Likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, ni hospitali bila kungoja mtu.

Baba yake yuko mbali, ila umbali haumwondolei kazi. Apewe mbili zinazowezekana kutoka Kamituga: kutuma pesa ya dawa kwa simu tarehe ileile kila mwezi, kabla dawa haijaisha na si baada, na kumpigia titulere yeye mwenyewe mara moja kwa mwezi. Baba anayesikia habari za mtoto kwa muuguzi huuliza maswali asiyomuuliza mkewe. Pia hukoma kudhani kwamba pesa inapotea.

Kwa pesa nitapita haraka, kwa sababu hakuna muujiza. Kama mituweli ya afya ya jimbo, ule mfuko wa kuchangiana matibabu, inapokea familia yenu, uliza kabla ya kulipa kama kifafa na kine vimo ndani, maana si kila kitu kimo. Kwenye likelemba yenu, mchango wa kupokezana, omba zamu yako iangukie mwezi wa kipimo kikubwa. Ofisi ya Mambo ya Kijamii, ile DIVAS, inaweza kukupa hati ya kutojiweza, ambayo baadhi ya hospitali huizingatia. Na kuna sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Haitakulipia pikipiki, lakini mkurugenzi wa shule akimkataa miaka mitatu ijayo, uitaje kwa namba yake mbele yake. Shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu Septemba 2019, na ubure huo ni wa mtoto wako pia.

Kwenye foleni ya kine lazima umewaona akina mama wawili watatu wenye watoto kama wako. Chukueni namba. Uganda kuna mpango wa vikundi vidogo vya familia uitwao Baby Ubuntu, ambamo kikundi kinaongozwa na mhudumu pamoja na mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo, na mzazi yule ndiye anayesikilizwa zaidi. Ninyi anzeni na pikipiki: mkienda siku moja, mama mmoja anaweza kubaki na watoto wakubwa wa wawili, na kine mmoja anafundisha watatu kwa mara moja.

Utauliza, kama wote, atatembea? Mtoto anayekaa mwenyewe kufikia miaka miwili kwa kawaida hutembea. Asiyeweza kukaa mwenyewe hadi miaka minne, matumaini ya kutembea ni madogo. Wako yuko katikati, na ametumia muda huo akiwa amelewa dawa na hana kilo. Kwa hiyo nisingemhukumu leo. Rekebisheni kula na dawa kwanza, kisha kine aangalie tena baada ya miezi sita. Na yeyote atakayekuuzia sindano au dawa ya kuponya IMC, funga mkoba wako.

La mwisho, masista. Sikushauri umwache akae kule. Wao si wabaya, ila mtoto wa umri huu anajifunza kutoka kwa watu walewale wanaomshika kila siku, na kituo chenye watoto wengi na mikono michache hakiwezi kungoja hadi kumi ili asogeze mkono. Tena mtoto aliyetoka nyumbani akiwa mdogo, nafasi yake nyumbani hujaa upesi. Ndugu zake wanazoea. Nenda ukawaone hata hivyo, ukaulize jambo jingine: kama wana kukaa kwa muda mfupi kwa mafunzo, mama na mtoto pamoja, au malezi ya mchana ili upate kwenda sokoni. Wakikubali kukupokea wewe pamoja naye kwa juma moja au mawili, kubali, na wale wakubwa wawili uwaache kwa mama mkwe.